Spoku za Hosiana zilizoyashinda maji ya mkonge

Saa kumi na mbili asubuhi, Manundu, mjini Korogwe. Hosiana Hiza amelipakata gurudumu la baiskeli mapajani, anapiga spoku moja moja kwa ukucha huku ameinamisha sikio. Spoku iliyokaza inalia kwa sauti nyembamba, iliyolegea inakoroma. Anamaliza mzunguko, anaanza tena, ingawa jibu alilipata mara ya kwanza.

"Ringi haina tatizo," anasema. "Hapa nautuliza moyo tu."

Moyo wake una haki ya kusumbuka. Asubuhi hii anamsubiri Mzee Mbaruku, mtu aliyevunjika bega miaka miwili iliyopita baada ya gurudumu la nyuma la baiskeli yake kukatika spoku kwenye mteremko wa kwenda mtoni. Gurudumu lile lilifungwa na Hosiana. Tangu siku hiyo mzee hawezi kubeba mzigo, na kazi yake ameirithi binti yake, Shida. Leo baba anakuja kuamua kama binti atapanda gurudumu jipya la fundi yule yule.

Mzee akikataa, habari imekwisha. Wabebaji wenzake wanamsikiliza, na hakuna hata mmoja atakayethubutu kumpa Hosiana kazi ya kufunga gurudumu. Atabaki kuziba pancha na kujaza upepo.

Mzigo wenyewe ni makapi ya mkonge. Majani yanapopondwa kiwandani, mahali ambapo huku panaitwa korona, nyuzi zinaanikwa na yale mabaki ya kijani yanatupwa. Wakulima wa mboga wanayataka kwa mbolea. Shida na wenzake wanayabeba yangali mabichi, magunia mawili kwenye keria, na njia nzima yanachuruzika juu ya gurudumu la nyuma. Maji hayo ni makali. Yakikupata mguuni utajikuna hadi jioni, na yakikuta chuma yanakila.

Hosiana alizaliwa Mnyuzi, lakini ufundi aliupatia Handeni, kwa mjomba wake Gregori, ambaye hadi leo anafunga magurudumu ya wauza maji. Kule adui ni chumvi. Maji ya visima vingine yanaacha ukoko mweupe hata kwenye sufuria, na dumu likivuja kidogo tu, spoku ya kawaida inageuka nyekundu. Mjomba alikuwa akitumia spoku zilizopakwa zinki, kama bati la paa, nazo zikadumu mpaka wateja wakamsahau.

Alipoolewa na Julius na kuhamia Korogwe, Hosiana alikuja na spoku hizo hizo, kifua mbele. Mwanamke anayefunga gurudumu lisiloyumba alikuwa kioja cha mtaa. Watu walikuja kutazama, wakaondoka wameacha baiskeli.

"Nilichukua dawa ya Handeni nikaitibu Korogwe," anasema, na hapo hacheki. "Chumvi ni ugonjwa mmoja, na ukali wa mkonge ni mwingine. Zinki inavumilia chumvi. Maji ya mkonge yanailamba yote, halafu yanaingia kwenye chuma."

Kibaya zaidi, yaliila spoku mahali ambapo jicho halifiki. Yaliingia ndani ya ringi, yakatuama pale spoku inaposhikwa na kile kikofia cha kukazia. Kwa nje gurudumu la Mzee Mbaruku liling'aa hadi siku lilipomwangusha.

Alikwenda kumjulia hali hospitalini. Mzee aliitikia salamu yake, lakini hakumkaribisha kiti. Hosiana alisimama pale na chupa yake ya uji mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha, na anasema aibu ile aliisikia mpaka kwenye nyayo.

Mwingine angefunga banda. Yeye aliomba ndoo ya maji ya mkonge kutoka korona, akaiweka uani na kuning'iniza ndani yake spoku za kila aina, na vikofia vya kila aina. Maji hayo yakichacha yananuka kupita maelezo. Majirani walidhani kuna panya amefia darini, wakahangaika kutafuta kwa zamu, na fundi naye akasaidia kutafuta.

Spoku ya zinki ilichujuka. Vikofia vya alumini, ambavyo kila mtu aliapa havishiki kutu, vilitoa unga mweupe na kung'ang'ania spoku visifunguke tena. Iliyobaki kama ilivyoingia ni spoku ya stenlesi, ile ya vijiko vya wageni. Lakini hiyo inahitaji kikofia cha kuishika, na hapo Hosiana alikwama kwa wiki kadhaa.

Jibu lilikuwa linalala kitanda kimoja naye. Julius ni fundi wa mashine korona. Jioni moja alimsikia mkewe akilalamika mezani, akaweka tonge chini.

"Mama Loveness, miaka yote hii mimi nafunga nini kwenye ule mtambo?" akamuuliza. "Visu vya shaba. Vya chuma visingemaliza mwaka."

Hosiana anasimulia hilo akijipiga paji la uso. Kesho yake alikuwa dukani kwa Dhaval, muuza vipuri, kuagiza spoku za stenlesi na vikofia vya shaba ya njano. Dhaval alimwuliza kwa utani kama makapi sasa yanakwenda mashindano ya baiskeli. Spoku moja ya aina hiyo inagharimu karibu mara tatu ya ile ya kawaida, lakini alimwagizia. Hosiana akafunga gurudumu, akatoboa kwenye ringi vitundu vidogo vya kutolea maji yaliyotuama.

Kisha akafanya jambo ambalo Manundu bado wanalisimulia. Hakulipeleka kwa mteja. Alilifunga kwenye baiskeli yake mwenyewe, na masika yote iliyopita, kila asubuhi kabla ya kufungua banda, akabeba makapi. Mama wa watoto watatu, magunia mawili mgongoni mwa baiskeli, anateremka ule ule mteremko wa mtoni.

"Niliogopa sana," anakiri. "Lakini sikuona haki mtu mwingine aogope badala yangu."

Mzee Mbaruku anafika jua likiwa limeshapanda, Shida nyuma yake akisukuma baiskeli ambayo gurudumu lake la nyuma limekwisha kabisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Hakai. Hosiana naye hamwelezi neno juu ya stenlesi wala shaba. Anampa spana ndogo ya spoku na kumwomba afungue kikofia chochote atakacho.

Mzee analizungusha gurudumu polepole, anapita spoku za juu, anapita za katikati. Anasimama pale penye mdomo wa kujazia upepo, panapotuama maji kuliko pengine pote. Anaweka spana. Fundi amekunja mikono kifuani.

Kikofia kinazunguka. Baada ya mzunguko wa kwanza mzee anaiweka spana chini, anamalizia kwa vidole vyake viwili. Anakichomoa, anakigeuza kwenye mwanga, anakinusa. Ni cha njano vile vile, na meno yake ya ndani ya kukazia ni makali kama ya kilichotoka dukani leo.

"Lilipita masika yote hili?" anauliza.

"Yote. Nililipanda mimi."

"Najua. Nilikuwa nakuona." Anamrudishia kikofia. "Mfungie Shida."

Hosiana anafunga, na mikono sasa inakwenda yenyewe. Anasema kabla ya mwaka kwisha anataka wabebaji wote wa makapi wawe na magurudumu haya, kila mmoja akibadilishiwa spoku chache chache kadiri anavyomudu. Kisha atapanda basi kwenda Handeni akamwonyeshe Mjomba Gregori, akiwa amelibeba gurudumu begani watu wote stendi walione.

"Mjomba atatafuta kasoro mpaka achoke," anasema, na tabasamu linampasua uso.

Shida anakwenda korona na kurudi na mzigo, magunia yanachuruzika. Anapiga kengele mbele ya banda, anashika mteremko wa mtoni. Wabebaji wenzake waliokusanyika wanasogea barabarani wamwone.

Mzee Mbaruku hasogei. Amejivutia kigoda cha fundi, ameketi mgongo ukiwa upande wa barabara, na anauliza kama hapa chai inapatikana.