Panya wa Figo Mbovu na Mama Bori

Borbála Csiszár, Mama Bori kwa wenzake, anaoga kabla ya kazi, si baada yake. Anaacha nguo zake nje, anapita chini ya maji, anavaa sare iliyochemshwa, kofia na barakoa. Ndipo mlango wa pili unafunguka na harufu ya vumbi la mbao inamlaki.

"Mmeamkaje, wapenzi?"

Panya wanakwangua vizimba vyao vya plastiki. Anamtoa mmoja mweusi, anampapasa tumbo kwa kidole gumba. Limevimba. Anamrudisha taratibu, kisha anasimama kidogo, mkono kiunoni.

Mama huyu wa miaka hamsini na minane amekuwa akitunza panya katika kituo cha utafiti mjini Szeged, Hungaria, tangu kiwanda cha nguo alimokuwa akishona kilipofungwa. Panya wa chumba chake wana upungufu wa kutengenezwa: wataalamu wameizima jeni moja miilini mwao, ili waone figo zinavyoharibika zikiikosa. Figo hujaa vifuko vya maji mpaka zishindwe kazi.

Borbála hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Ugonjwa huo ulimuua mumewe, Lajos. Mwanawe wa pekee, Ákos, dereva wa tramu, treni ya mitaani, ameurithi.

"Wenzangu walinishauri niombe chumba kingine," anasema. "Nikimbilie wapi? Nikifika nyumbani naukuta mezani, unakunywa supu."

Mwaka juzi panya walianza kupewa dawa mpya. Miezi ya mwanzo matumbo yalibaki bapa. Kila jioni Ákos, alipokuja kula kwa mama yake, aliuliza kwa utani, "Ndugu zangu wanaendeleaje?" Naye mama alijibu, "Wanakula kukushinda."

Kisha matumbo yakaanza kuvimba, moja baada ya jingine. Mkuu wa utafiti, Daktari Emese Vadkerti, alikuja akakaa juu ya gunia la chakula cha panya.

"Mama Bori, imegoma."

"Hata kidogo?"

"Imechelewesha tu. Waliopewa na wasiopewa, mwisho wao mmoja."

"Sasa?"

"Sasa tutafute kwa nini imegoma."

Kutafuta kulihitaji figo zenyewe. Borbála ndiye aliyewalaza panya wale usingizi wa mwisho kwa gesi, kizimba baada ya kizimba, kwa sababu mikononi mwake hawahangaiki.

Jioni ile Ákos aliuliza swali lake la siku zote.

"Wamekufa, mwanangu. Dawa imegoma."

Ákos alikoroga supu yake ya samaki kwa muda mrefu. "Haya. Nipe mkate, mama."

"Nikaenda kuosha sahani," anasimulia Borbála. "Zilikuwa safi."

Baada ya hapo alikwenda kupimwa kama anaweza kumpa mwanawe figo moja, bila kumwambia mtu. Yeye hana ugonjwa huo; ulitoka upande wa baba. Majibu yakasema figo yake inamfaa mwanawe. Ákos alikuja juu.

"Wewe mwenyewe ukipanda ngazi unahema kama treni ya mkaa! Figo yako nitaifanyia nini?"

"Ipandishe tramu. Kwako haitalipa nauli."

Ákos hakucheka. Alikataa majira yote ya baridi, mpaka siku aliposhindwa kuinuka kitini mwa tramu mwisho wa safari, abiria wawili wakamshika mkono. Usiku huo alimpigia simu mama yake: "Haya. Nimekubali."

Upasuaji umepangwa baada ya Pasaka. Borbála akishapasuliwa hataruhusiwa kunyanyua vizimba tena, naye hasikitiki sana. Magoti yamechoka, mgongo umechoka. Hata hivyo ameomba abaki chumba hichohicho mpaka siku ya mwisho. Kizazi kipya cha panya kimezaliwa, na dawa nyingine inasubiri kujaribiwa.

Figo yake, madaktari wamemwambia, huenda ikamtumikia Ákos kwa miaka kumi na mitano. Lilla, binti wa Ákos, ana miaka minne na bado hajapimwa kama ameurithi ugonjwa huo.

"Mwanangu nitampa figo," anasema, akifungua kizimba kinachofuata. "Lilla sina cha kumpa. Nina hawa tu."