Mkaguzi Aliyeamkiwa na Nyumba Nzima

Nikipita duka la magodoro hadi leo, harufu ya sponji mpya hunirudisha ghorofani kwetu Toronto, miaka ya tisini. Kila godoro jipya lililoingia kwetu lilikuwa na maana moja: kuna ndugu amefika. Mchana tuliyasimamisha ukutani, usiku tukayatandaza, na ukitaka maji unaruka miguu ya watu. Tukinung'unika, mama alijibu, "Tutabanana hapahapa."

Majira yale alikuwa amefika mamdogo, mdogo wake mama, na mumewe na watoto kutoka Kigoma. Kazi hawajapata, pa kwenda hawana. Nani alilalamika kwa manispaa sijui. Labda jirani wa chini, kachoka na vishindo vyetu. Mwenye jengo akamwonya baba: mkaguzi wa nyumba anakuja, na watu wakizidi, waliozidi wataondoka.

Basi mama akapanga mambo. Magodoro yakasukumwa chini ya vitanda, mume wa mamdogo akatumwa mjini, mamdogo na wanawe wakajificha chumbani. "Nisisikie hata chafya!"

Mkaguzi alikuwa mzee mpole. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na nadhani hicho ndicho kilichotuponza. Mama aliona mgeni mwenye adabu, akasahau kabisa kilichomleta. Akampa kiti, akammiminia chai ya tangawizi, halafu, kwa sauti yake ya siku zote, akaita, "Watoto! Njooni mmwamkie mgeni!"

Lo! Mlango wa chumbani ukafunguka, wakatoka mmoja mmoja. "Shikamoo, babu." "Shikamoo, babu." Wa mwisho alikuwa mamdogo mwenyewe, kichanga mgongoni, maana yeye na mama walilelewa na bibi mmoja, aliyewafunza kwamba mgeni haachwi bila kuamkiwa. Mzee wa watu alishika kila mkono akitabasamu, kisha tabasamu likamwisha. Mama akajishika mdomo.

Mkaguzi hakufoka. Mimi, niliyezoea kujibu Kiingereza kila nikisemeshwa Kiswahili, siku hiyo nikawa mkalimani. Alisema sheria ipo kwa usalama wetu, moto ukizuka hatutapita wote mlango ule. Alisema kweli. Akamaliza chai yake, akashukuru. Mwezi haujaisha, mamdogo akahama huku mama akilia jikoni. Mimi nilipata kitanda changu peke yangu, nikaona sheria ni kitu kizuri.

Baadaye shuleni tulifundishwa Uingereza ya Malkia Victoria: vichochoro vya London, familia nzima chumba kimoja, kipindupindu, hadi zikatungwa sheria za kubomoa mitaa ile na kuzuia msongamano. Nikauliza waliobomolewa walikwenda wapi. "Zilijengwa nyumba bora," mwalimu akasema, nikaridhika. Ukubwani nilisoma mwenyewe. Nyumba bora zilijengwa kweli, ila wengi wa waliobomolewa hawakuimudu kodi yake, wakaenda kujazana kichochoro cha pili.

Mamdogo alipata chumba cha chini ya ardhi, upande mwingine wa jiji, kidogo kuliko sebule yetu. Tulipokwenda kumtembelea, tulibisha weee, ndani kimya. Mpaka mama alipoita jina lake ndipo mlango ukafunguliwa. Wanawe walibaki nyuma ya pazia, hakuna aliyekuja kutuamkia. Nikasema moyoni, hawa nao wamekosa adabu. Miaka ilipita ndipo nikaelewa kwamba walikuwa wanasubiri kujua kama na sisi tumekuja kuwaondoa.