Chuchu ya Tatu

Ng'ombe ana chuchu nne. Kwetu, mbili zilikuwa za watu na mbili za ndama. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha hivyo. Nilikua nikiona mama yangu akikamua upande mmoja, ndama akinyonya upande ule mwingine, wawili hao wakisukumana kama watu kwenye foleni ya unga, nikajua dunia iko hivyo.

Naandika polepole. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwa ngumbaru, na mwalimu alikuwa akinilalamikia kwamba napenda kueleza kuliko kushika kalamu. Kwa hivyo nikipotea njia, nivumilie, nitarudi.

Nilikuwa nimeolewa upande wa Kinna, miaka ya sabini ikielekea kwisha. Siku ya kuolewa mama alinipa ng'ombe mmoja, mwekundu, pembe moja imeinama mpaka karibu na jicho. Ng'ombe wengine wote pale bomani walikuwa wa bwana yangu na ndugu zake. Huyu alikuwa wangu. Siku nikifukuzwa, nilijua nitatoka na mtoto mgongoni na ng'ombe wangu mbele yangu, na popote nitakapofika sitakuwa mwombaji. Mwaka huu ninaousimulia akazaa ndama jike. Nilifurahi mpaka nikaificha furaha, watu wasije wakamtia jicho.

Kisha yakapatikana mawe ya buluu.

Kwanza ilikuwa maneno ya watu tu. Halafu tukaona Landrova za mabroka wanaonunua mawe, halafu wanaume na sururu na machujio ya waya, wengine kutoka Meru, wengine kutoka mbali ambako sikujua hata kuulizia. Walichimba mashimo kwenye kokoto, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kwetu. Bwana yangu alienda kuangalia. Aliangalia wiki nzima. Aliporudi alikuwa na vumbi mpaka ndani ya masikio, na fimbo yake ya kuchunga alikuwa ameiacha huko.

"Jiwe likitoka," akaniambia, "tutajenga nyumba ya mabati Isiolo."

"Na likikataa kutoka?"

"Wewe unaongea kama ofisi ya serikali."

Si yeye peke yake. Vijana wote walienda. Aliyebaki kuchunga alitaka mshahara kama karani, na nani angemlipa? Basi ng'ombe walichungwa na wazee na wasichana, hapo karibu na boma, mahali ambapo nyasi ilikuwa imekwisha kuliwa hadi mizizi. Maziwa yakapungua. Na duka la Kinna, ambalo zamani lilichukua samli au ngozi ya mbuzi likakupa unga na majani ya chai, likaanza kutaka pesa mkononi, kwa sababu wachimbaji walilipa pesa mkononi. Sukari ikahamia chini ya kaunta. Mwenye duka hakuwa mtu mbaya. Alitoa salamu vizuri kuliko wengi, akauliza habari ya watoto, halafu akakuambia bei mpya akitazama dari.

Watoto walikuwa wawili. Walitaka kula. Ndipo nikaanza kupeleka maziwa mashimoni.

Huko kulikuwa na mpishi wa chai, Mmeru mnene mwenye sufuria kubwa kama ngoma. Alinunua maziwa kwa bei ambayo Isiolo huwezi kuisikia. Lakini alikuwa na sharti. Chombo changu cha kusuka, kile tunaita gorfa, kijae hadi shingoni, kila siku. Nikikosa siku moja, au nikileta nusu, ananunua maziwa ya unga ya mkebe na hanijui tena.

"Mama," aliniambia siku ya kwanza, akinusa, "haya ya leo ng'ombe amekunywa maji kabla au baada?"

"Sisi hatutii maji kwa maziwa."

"Kila mtu husema hivyo."

"Kila mtu si mimi."

Wachimbaji wakacheka. Mmoja akasema, "Muulize kama anauza na ulimi." Lakini niliona aibu, maana kweli wako wanawake waliotia maji. Mimi mama yangu aliniambia maji yakiingia kwenye maziwa, kiwele kinajua, kinakauka. Na pia ni kumwibia mtu aliyekuamini. Gorfa yangu niliifukiza kwa makaa kila asubuhi mpaka ndani ikanukia moshi. Hilo ndilo jina nililotaka kwa watu, mwanamke asiyetia maji.

Basi wiki ya tatu maziwa ya chuchu mbili hayakufika shingoni mwa gorfa. Yalisimama chini kidogo, vidole vitatu hivi. Nilitazama maji kwenye mtungi. Nilitazama ndama. Nikakamua chuchu ya tatu.

Nataka niseme vile ilivyokuwa. Sikuona kama ni wizi. Niliona nimeshinda jaribu la maji. Nilienda mashimoni nikitembea kama mtu aliyetoka msikitini, mpishi akaonja, akasema, "Huyu mama ni mwaminifu," nami nikarudi na unga kichwani.

Kesho yake nikakamua tena ya tatu. Baada ya siku kumi nikaikamua na ya nne, kidogo tu, nusu.

Kuanzia hapo moyo wangu haukukaa. Njiani nikienda nilifikiria ndama, nikirudi nilifikiria ndama. Nikifika naweka unga chini, nahesabu mbavu zake kabla ya kuwasalimu watoto. Manyoya yake yalikuwa yamesimama badala ya kulala. Alianza kulamba udongo wa ukuta. Nilijiambia ndama wote hulamba. Nikamkatia majani ya mgunga, akayanusa na kuyaacha. Na ng'ombe wetu hawa si kama wale wa wazungu wanaokamuliwa na mashine, wa kwetu asipomwona mtoto wake haachii maziwa. Nilijua hivyo. Ndama akifa, kwisha gorfa, kwisha unga, kwisha na ule uzao wa ng'ombe wa mama yangu. Nilijua yote hayo na asubuhi nikakamua tena, kwa sababu watoto walikuwa wameshazoea ugali, na kila Ijumaa bwana yangu alisema shimo limekaribia.

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa maneno machache, lakini yale machache alikuwa ameyanoa. Siku moja alimshika ndama, akafungua mdomo wake, akatoa tope kwa kidole.

"Huyu anakula udongo," akasema. "Kama mwanangu."

Nikajifanya nafunga kamba ya ng'ombe.

"Unakamua ngapi?"

"Mbili, mama."

Akaniangalia mkono wangu, siyo uso, mkono. Mimi niliyekataa kumdanganya Mmeru asiye ndugu yangu nilikuwa nimemdanganya mzee wa nyumba yangu, na sikupata hata jasho.

Siku ya nne baada ya hayo ndama hakusimama. Asubuhi hiyo sikukamua hata tone, nilimwachia mama yake amlambe, nikamtia maziwa mdomoni kwa kiganja. Yalitoka pembeni. Jua likiwa halijafika utosini alikuwa amekufa.

Mama mkwe aliniona nimekaa tu. Akaleta kisu. "Kulia utalia ukiwa unafanya kazi," akasema. Tulimchuna, tukakausha ngozi kwa majivu na chumvi, tukajaza nyasi, tukashona tumbo. Ni kazi ya zamani, wanawake wetu waliifanya kabla yetu. Tukamsimamisha kwa vijiti mbele ya ng'ombe, adhani mtoto wake yuko. Ng'ombe akanusa. Akasita. Akaanza kulamba chumvi, na nikahisi maziwa yakishuka kiweleni, nikakamua chuchu zote nne. Hakuna wa kumbakishia.

Gorfa ilijaa mpaka shingoni, na jua halijazama nilikuwa nimeifikisha mashimoni.

Nilimpelekea mpishi siku tano. Akasifu. Akasema mabroka wamechelewa, lakini watakuja, na kwamba kuna maneno Nairobi kwamba mawe yetu ni meusi mno, mtu akiyaweka kwenye mwanga hayang'ai, wanunuzi wanayarudisha. Alisema hayo akinipimia sukari, kama mtu anayesema habari za mvua. Nilimtafuta bwana yangu, nikamkuta amekaa ukingoni mwa shimo, jiwe limefungwa kwenye kitambaa mkononi. Hatimaye lilikuwa limetoka.

"Ni la buluu?" nikauliza.

Akalielekeza juani muda mrefu. "Ukilitazama hivi," akasema, "kama unataka, ni la buluu."

Sikumwambia habari ya ndama.

Siku ya sita nilifika na maziwa yangu, mpishi hakuwepo. Mafiga matatu, majivu, mkebe wa maziwa ya unga umepasuliwa. Wanaume wachache walikuwa wakifunga blanketi. Niliuliza nani atanunua. Mmoja alisema, "Mama, labda hayo mashimo," na hakucheka, wala mimi sikukasirika. Nilirudi na gorfa imejaa, nzito kuliko siku zote, saa mbili chini ya jua, na kila mtu niliyekutana naye njiani alikuwa na maziwa yake au hakuwa na pesa.

Kufika nyumbani ng'ombe alikuwa amesimama palepale. Chumvi ilikuwa imekwisha. Aliisukuma ile ngozi kwa pembe iliyoinama, ikaanguka, nyasi zikatoka kwenye mshono. Akazinusa. Akala kidogo. Halafu akaenda zake, na tangu siku hiyo hakuachia tone.

Bwana yangu alirudi mwezi uliofuata. Lile jiwe lilinunuliwa kwa bei ya shuka moja. Aliuliza ndama yuko wapi, mama yake akamjibu, "Alienda kuchimba," basi akatafuta fimbo nyingine.

Nilingoja misimu miwili nikiogopa kwamba ng'ombe wangu amekwisha, kwamba mtu akinifukuza nitatoka na mtoto tu. Mvua iliporudi alipata dume. Siku ya kuzaa sikuondoka pale zizini hata kwenda kunywa maji. Ndama alikuwa jike tena, mdogo, miguu ikitetemeka. Nilimsukuma kwenye kiwele nikarudi nyuma, nikaficha mikono ndani ya shuka.

Siku ishirini zikapita. Mama mkwe akaja na kikombe.

"Na sisi tunakunywa nini?"

"Strungi, mama."

"Hata chuchu moja?"

"Hata moja."

Akalalamika mpaka mlangoni. Halafu akaketi, akanywa chai yake nyeusi, akimwangalia ndama anavyonyonya upande huu, akihama upande ule.