Kamera ya Nahla Inayosubiri Meno

Umewahi kusikia kamera ikipiga picha ndani ya chumba cha mtu aliyekufa, mlango umefungwa, na wewe umesimama nje na bakuli la mchele mkononi?

Mimi nimesikia.

Chak.

Sikuwa naota, wala sikuwa na homa. Ilikuwa Ramadhani ya joto kali, baada ya alasiri, hapa hapa kwetu Damieta, Misri, kwenye ukumbi mwembamba ninaoufagia kila siku kwa mkono wangu.

Nikaganda.

Chumba kile kilikuwa cha binti yangu Nahla. Na Nahla tulikuwa tumemzika tangu wakati wa baridi.

Ngoja niwaeleze taratibu. Mimi siwezi kusimulia kwa kurukaruka, hata majirani wananijua.

Mume wangu ni Haji Bayumi, fundi wa kuchonga vitanda vya maharusi. Ukitaka waridi la mbao ambalo mtu analiinamia kulinusa, utaelekezwa kwenye karakana yake.

Lakini uso wake sasa!

Picha ya harusi yetu iko ukutani hadi leo. Mimi nimetabasamu na taji langu. Yeye amekaa kama mtu anayesomewa mashitaka.

Wanaume wa rika lake ndivyo walivyo. Akisimama mbele ya kamera anakaza shingo, anafunga mdomo, anangoja yapite.

Nahla ndiye aliyeleta kamera nyumbani. Alitaka kupiga picha za vitanda vya baba yake, ili wateja wa miji ya mbali waone nakshi kabla hawajapanda gari kuja kuangalia.

Kamera yenyewe ndogo, ya rangi ya fedha, inakaa kwenye mfuko wa gauni na huoni kama kuna kitu. Kamera ya watu wanaoanza.

"Mama, njoo nikufundishe."

"Mimi? Mimi rimoti ya televisheni tu inanitoa jasho."

"Ndiyo maana nikachukua hii. Waliotengeneza walikuwa wanakufikiria wewe."

Tukacheka. Akanikalisha kitandani, akaniwekea kidole changu juu ya kitufe kikubwa.

"Bonyeza nusu. Nusu, Mama, hupondi kitunguu saumu! Haya. Unaona mraba wa kijani umemkaa Baba usoni? Maana yake imemwona. Sasa malizia."

Mkono wangu unatetemeka kidogo, ni wa siku nyingi. Akaniambia nisijali, kamera inautuliza mtetemo yenyewe. Mtu akifumba macho, inakwambia kwamba amefumba. Ukitaka kuona ulichopiga, kuna kitufe cha mshale, na picha mpya ndiyo inayotangulia. Ukitaka kumsogeza mtu karibu umwone vizuri, kuna kitufe chenye alama ya kioo cha kukuzia.

"Na hiki chenye pipa la taka?"

"Hicho cha kufuta. Usiogope, haifuti hovyo. Inakuuliza kwanza kama kweli unataka."

Mimi nikaipenda hapo. Ni watu wangapi unaowajua wanaokuuliza kwanza?

Halafu akanionyesha kigurudumu cha juu, penye alama ya kisura kinachocheka.

"Ukizungusha hapa, Mama, husogei tena. Unaiweka mahali, inamtazama mtu usoni, inasubiri. Mtu akionyesha meno, inapiga yenyewe."

"Na asipoonyesha?"

Akamtazama baba yake, aliyekuwa mlangoni akikung'uta vumbi la mbao.

"Basi inasubiri."

Moyo wa Nahla ulikuwa mbovu tangu utotoni. Homa ilimpata akiwa shule ya msingi ikamharibia moyo. Tukaishi nao hivyo hivyo, leo mzima, kesho hoi. Mwaka ule ukagoma kabisa. Akawa wa kitandani, mtoto wa watu mwenye kucheka na kuta.

Kila alasiri baba yake alitoka karakana, ananawa, anakuja kukaa kwenye kiti cha mbao mkabala na kabati. Hasemi kitu. Anakaa tu.

Nahla akaiweka kamera kwenye rafu ya kabati, ikakitazama kiti, kigurudumu kwenye kile kisura.

"Baba, nakuomba picha moja tu ya kucheka. Nimekupiga na vitanda vyote vya Misri, na vitanda vimechangamka kuliko wewe."

"Mimi sichekei chuma," Haji akajibu.

"Basi nichekee mimi, chuma kiibie."

Haji akakaza shingo.

"Kamera imechoka kukusubiri, Baba. Inadhani hayo masharubu ni pazia la duka lililofungwa."

Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kamera haikupiga, maana haikuwa imenielekea mimi. Haji akafinya midomo, akageukia dirisha.

Hivyo kila siku. Mpaka asubuhi moja Nahla hakuamka.

Wapendwa, siku ya mazishi mume wangu hakutoa chozi. Wanawake walipoanza kupaza sauti, alisimama katikati ya sebule akasema, "Kimya. Asilie mtu nyumbani kwangu."

Tangu siku ile jina la Nahla halikutajwa mbele yake. Ukilitaja, anainuka, anatoka.

Na nikwambie lililoniuma zaidi. Tangu tupate yule mtoto, mimi naitwa Mama Nahla. Sokoni Mama Nahla, msikitini Mama Nahla, na yeye mume wangu hivyo hivyo. Baada ya mazishi akaanza kuniita "wewe". Wewe, leta chai. Wewe, funga dirisha.

Nilipoteza mtoto, na jina nikalipoteza.

Sasa turudi mlangoni, mimi na bakuli langu la mchele.

Chak.

Nikashuka ngazi mbio, kama mwenye miguu ya kukopa, mpaka kwa wifi yangu Fathia. Huyo ni dada yake Haji, mjane, anakaa ghorofa ya chini, na mdomo wake hauna kufuli.

"Wifi, kamera ya marehemu inapiga picha peke yake!"

Fathia akaacha kumenya bamia.

"Kaka yuko wapi?"

Nikafikiri. Haji alikuwa amerudi kutoka karakana. Sikumwona sebuleni. Sikumwona chumbani kwetu.

"Basi yumo mle," Fathia akasema. "Jini gani atapanda ngazi zetu na joto hili, tena amefunga?"

Kisha akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Wifi, si wewe uliyeniambia ile kamera haipigi mpaka mtu acheke?"

Nikaliweka bakuli chini.

"Mimi kaka yangu namjua," Fathia akaendelea, huku anakata vikonyo vya bamia. "Mwanaume akijifungia chumbani akachekacheka peke yake, ujue kuna sauti nyororo upande wa pili wa simu. Wanaanza hivyo hivyo. Mume wa jirani yetu Sohair alianza hivyo hivyo."

"Nyamaza, Fathia, mwezi mtukufu huu."

"Mimi nimenyamaza. Inayosema ni kamera."

Kesho yake nikasimama tena mlangoni. Chak. Keshokutwa, chak. Mara nyingine mbili kwa mpigo.

Nikaanza kuona na mambo mengine. Chaja ya kamera, iliyokuwa droo ya chini kabisa sebuleni, sasa ilikuwa ukutani hapo hapo na kitaa chake cha kijani. Mtu alikuwa anaichaji. Mtu anayetaka iwe hai.

Idi ikakaribia. Kwetu, siku zile za mwisho za Ramadhani, mtaa mzima unanuka samli. Wanawake wanabeba masinia ya kahki kupeleka tanuri la mwokaji, vile vibiskuti vya Idi vinavyonyunyiziwa sukari laini, wanagombania zamu, wanataniana. Lakini nyumba yenye msiba haioki. Inangoja jirani ailetee sahani.

Sohair akaniletea sahani. Nikaipokea mlangoni, nikaishika kifuani, nikalia hapo hapo.

Na kutoka ukumbini nikasikia.

Chak.

Kichwa kikapata moto. Mimi nalia juu ya kahki za watu, nyumba yangu haina hata harufu ya samli kwa ajili ya mtoto, na yeye amejifungia chumbani kwa mtoto huyo huyo, anacheka?

Nikaingia chumbani kwetu, nikavuta begi la chini ya kitanda. Nguo mbili, shali nyeusi, dawa zangu za presha. Kaka yangu anakaa Ras al-Bar, si mbali. Nikajisemea, Idi hii haitanikuta hapa. Miaka yote nimevumilia uso wa mbao, lakini kicheko hiki, hapana.

Asubuhi Haji akaenda karakana. Nikaingia chumba cha Nahla, mara ya kwanza tangu wakati wa baridi.

Shuka lile lile. Kitana chake chenye nywele zake.

Na kamera kwenye rafu, inakitazama kiti, kama alivyoiacha.

Nilikuja na nia moja. Nitaona alichokuwa akikichekea, nitakifuta, kisha nitakwenda zangu. Sitaki uchafu wake ukae kwenye kamera ya mwanangu, juu ya picha za mwanangu.

Nikabonyeza kitufe cha mshale.

Picha mpya ndiyo inayotangulia. Ni yeye. Haji Bayumi, kwenye kiti kile, mdomo wazi, meno yote nje, macho yamefinywa. Mtu anayecheka kwa raha zake.

Nyuma yake nyingine, meno. Nyingine tena, meno. Mtu ambaye hakutoa jino moja mtoto wake alipomwomba!

Nikabonyeza pipa la taka.

Ikaniuliza. Kwa herufi kubwa, kwa Kiarabu chepesi ambacho hata sisi wa shule ya msingi tunakisoma: Unataka kufuta picha hii?

Kidole kilikuwa kwenye ndiyo.

Sijui ni nini kilichonizuia. Labda kwa sababu kamera ile ilikuwa inaniuliza kwa sauti ya Nahla. Nikasema, acha kwanza nimtazame vizuri, nimjue mtu niliyelala naye miaka yote hii. Nikabonyeza hapana, kisha kile kitufe chenye kioo cha kukuzia.

Uso ukaja karibu. Nikabonyeza tena.

Ukaja karibu zaidi.

Masharubu yalikuwa yamelowa.

Nikasogeza juu kidogo. Mashavu yamelowa. Mshipa wa paji la uso umesimama. Mdomo ule haukuwa wa kicheko. Nimezaa, nimezika, naujua mdomo wa namna ile. Ni wa mtu anayepiga kelele bila kutoa sauti, ili mke wake aliye nje asisikie.

Nikaenda picha ya nyuma. Machozi. Ya nyuma yake. Machozi. Nyingine amejiziba kwa kiganja, meno yanaonekana kati ya vidole.

Kamera maskini. Imefundishwa kutafuta meno. Nani wa kuilaumu? Haijui kwamba binadamu akilia sana anafanana na anayecheka.

Nikakaa chini sakafuni nikiwa nimeikumbatia.

Begi nikalifungua, nguo nikazirudisha kabatini. Kamera nikairudisha kwenye rafu, pale pale kwenye alama yake ya vumbi.

Nawaambieni nyie mnaosoma, hasa wenye ndoa changa. Kuna mtu utamwona kwa mbali meno nje, na kidole chako kiko tayari kumfuta. Mkuze kwanza. Msogeze karibu mpaka uone kama masharubu yamelowa. Ndipo uamue.

Alasiri ile Haji akarudi. Akanawa. Akapita kimya, akaingia, akafunga mlango.

Nikahesabu pumzi zangu, nikafungua bila kubisha.

Alikuwa kwenye kiti. Kamera imewaka, kitaa chake kidogo cha rangi ya chungwa kinapepesa. Mikono yake mikubwa ya patasi imekaa magotini kama ya mwanafunzi.

"Wewe, toka," akasema, bila kugeuka.

Sikutoka. Nikakaa pembeni ya kitanda, karibu naye, goti langu likagusa lake. Sasa kamera ilikuwa inatuona wote wawili.

"Haji, unafanya nini humu?"

Nje, wanawake walikuwa wanapita na masinia yao, mmoja anamtania mwenzake kwamba kahki zake zitavunja watu meno.

"Nasubiri," akasema mwishoni.

"Unasubiri nini?"

Akajaribu kujibu. Masharubu yakaanza kucheza. Nikauchukua ule mkono mmoja, nikauweka mapajani kwangu, na mimi mwenyewe nikashindwa. Tukalia, wazee wazima, mbele ya kile kichuma, mdomo wazi, bila aibu, sasa kwa sauti.

Chak.

Haji akainua uso.

"Umesikia?" akasema. "Inapiga kila siku. Na mimi sijacheka hata siku moja. Nakaa hapa, najaribu, nakumbuka maneno yake yale ya pazia la duka, najaribu, na kicheko hakiji. Nashindwa kitu kidogo kama hicho."

Akajifuta kwa mkono wa kanzu. Kisha akanigeukia, akaniita, kwa mara ya kwanza tangu wakati wa baridi.

"Mama Nahla," akasema. "Nilitaka kumchekea mwanangu."