Mdundo Aliouimbia Msusi

Kwao walimwita Kiguu na Njia, na jina lilimkaa. Alikuwa msusi mwenye mikono myepesi, lakini hakukaa saluni moja mpaka akazoeleka. Vyumba alihama vivyo hivyo: pazia halijashika vumbi, yeye keshafunga virago. Hata ndoa yake aliihama asubuhi moja, mume akiwa kazini, bila ugomvi ambao majirani wangeweza kuusimulia.

Kaka yake alikuwa fundi wa muziki. Studio yake ilikuwa chumba cha uani, kuta zimebandikwa magodoro makuukuu ili kelele za nje zisipenye. Mwaka huo alitengeneza mdundo wa rege, besi nzito yenye kusitasita kama mtu aliyesahau kitu ndani, akaita waimbaji wote aliowajua. Mdundo ni huohuo; kila mmoja aje na maneno yake, kisha nyimbo zote zikae kwenye albamu moja. Mmoja aliimba mapenzi, mwingine akamsema mwenye nyumba wake, mwingine akajisifia viatu.

Kabla albamu haijatoka, kaka alimpelekea dada yake saluni aionje. Msusi alisuka huku akitikisa kichwa, mpaka ikaingia sauti ya aliyekuwa mumewe, dereva wa lori la mchanga ambaye huimba siku za mapumziko. Aliimba habari za mwanamke mwenye moto nyayoni, anayeondoka bila kuaga, chai iko mezani na kiti kingali na joto. Wateja walicheka, wakaomba irudiwe. Aliyekuwa akisukwa akalalamika kwamba ananyofolewa nywele.

Siku hiyo msusi hakukaa wala hakusimama. Alifagia palipokwisha kufagiliwa, akatoka, akarudi, akatoka tena, mpaka akajikuta studio. Alimwambia kaka yake kwamba naye anataka kuimba. Kaka akasema albamu imeshajaa, na tena shemeji hakutaja jina la mtu.

"Hakutaja, sawa. Lakini kile kiti ni changu," alisema. "Niwekee mdundo, kaka."

Kaka akaguna, akawasha mitambo. Njia nzima msusi alikuwa akipanga matusi, lakini besi ilipoanza yakamkauka mdomoni. Akaimba alivyokuwa akiamka kabla ya mume na kuhisi kuta zinamsogelea. Alivyongoja aulizwe ana nini, asiulizwe. Aliimba akizunguka chumba, waya wa maikrofoni ukimzonga miguuni, na wimbo ulipokwisha kaka yake akautoa ule wa viatu kwenye albamu ili huu uingie.

Albamu ilipotoka, watu walizipiga nyimbo zile mbili kwa kufuatana, wakabishana vibarazani kana kwamba wameitwa kusuluhisha. Adhuhuri moja dereva mwenyewe akaja saluni, lori ameliacha likinguruma barabarani, akasimama mlangoni.

"Kumbe ulikuwa unangoja nikuulize?"

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa sijui. Nimejua nilipoimba."

Dereva alikuna kichwa. Kisha akamuuliza, kwa sauti ya chini, sasa ana nini. Msusi alifikiri, chanuo mkononi, akamjibu kwamba miguu bado inamuwasha, na mwisho wa mwezi anahamia mtaa wa pili. Dereva akauliza kama amepata wa kumbebea vyombo.

Msusi alicheka: lori zima la mchanga kwa godoro moja na sufuria? Lakini hakukataa.