Jina Lililoshonwa Kwenye Kola

Karani wa dirisha la tatu aliviweka vyeti viwili sambamba mezani, akavisogeza kwa ncha ya kalamu hadi vikalingana, kisha akanigeuzia. Cha kwanza kilikuwa cheti cha kuzaliwa cha mume wangu, mzaliwa wa Alexandra, mtaa wa Waafrika wa hapa Johannesburg, chenye jina la ukoo wa baba yake. Cha pili kilikuwa cha binti yetu, mzaliwa wa Morogoro. Hapo, kwenye nafasi ya jina la baba, pameandikwa jina la Kiingereza ambalo karani alisema hajawahi kukutana nalo tangu aanze kazi.

"Kwangu mimi hawa ni watu wawili," alisema. "Huyu wa Alexandra amefariki, pole sana mama. Huyu Mwingereza wa Morogoro simjui."

"Ni mtu mmoja. Hilo lilikuwa jina la uhamishoni."

"Wote mnasema hivyo." Hakusema kwa ubaya. "Niletee viapo viwili. Kimoja cha ndugu yake wa damu, kwamba ndiye. Cha pili cha mtu mwenye jina hili la Kiingereza, kwamba mumeo hakuwa mtu wao. Siku thelathini."

Nikamuuliza, zikipita? Akasema zikipita mtoto atahesabiwa mgeni. Na mimi, ambaye kibali changu kiliisha muda mfupi baada ya mume wangu kufa, nitahesabiwa mgeni aliyezidisha muda. Alikuwa na adabu ya kutotaja karandinga la polisi linalokusanya wageni. Sikuhitaji kutajiwa. Wiki ile ile nilikuwa nimemwona mama wa Kikongo wa mtaa wetu akipandishwa kwenye karandinga akiwa bado ameshika mwiko wa ugali.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu baada ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote. Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Alisema Kizulu na bibi yake, Kiingereza shuleni, na Kiswahili na mimi pale tu nilipokasirika. Mimi kwenye taksi nilikuwa nanyamaza kabisa. Polisi walikuwa wakisimamisha watu na kuwauliza kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, ili wawatambue wageni, na nilikuwa nalirudia neno hilo kila nilipoosha vyombo. Kila mara nilihisi nitakapoulizwa kweli litanipotea.

Niseme jina lile lilivyoingia kwenye cheti, kwa sababu niliyeliandika ni mimi. Nilikuwa karani wa usajili wa vizazi na vifo Morogoro. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliokuwa wakiishi kambini nje ya mji walikuwa na majina ya safari. Jina la nyumbani halikuandikwa popote, maana likivuja, polisi wa makaburu walikwenda kugonga mlango wa mama yako. Mume wangu nilimjua alipokuja dirishani kwangu kuandikisha kifo cha mwenzake. Nikamuuliza jina halisi la marehemu. "Silijui," akasema. "Tumelala chumba kimoja miaka minne." Tulipooana na kupata mtoto, nilifungua daftari mwenyewe na kuandika jina la safari la baba yake, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Nilipomuuliza alilipata wapi, alisema alikuja nalo, akacheka. Baadaye tukarudi kwao, akaugua, akafa kabla hajarekebisha lolote.

Siku iliyofuata nilikwenda posta ya Randburg, upande wa Wazungu, nikaomba kitabu cha simu cha Johannesburg. Majina ya juu yake na ya chini yake yalijaza safu nzima, lakini lile lilikuwa na mstari mmoja tu, nyumba moja, mtaa wa huko huko Randburg. Nikaomba vitabu vya miji mingine, nikavipitia vyote nikiwa nimesimama. Durban mstari mmoja. Kwingine hakuna. Nilipokuwa karani nilizoea majina yanayojaa daftari, na jina adimu namna hii lilinitisha. Kati ya mamilioni ya watu wa mji ule, mtu mmoja tu ndiye angeweza kuniokoa, na mtu huyo huyo angeweza kusema tumemwibia.

Mama mkwe wangu alikuwa anapiga pasi nilipomsomea jina lile na anwani yake. Hakujua kusoma, na kile cheti cha mjukuu wake hakuwahi kusomewa.

"Rudia," akasema. Nikarudia. Akaisimamisha pasi.

"Makoti," akasema, ndivyo anavyoniita, yaani mke wa mwanangu, "nyumba hiyo nimefanya kazi miaka kumi na moja."

Kazi yake mojawapo ilikuwa kushona majina. Mama mwenye nyumba aliagiza kutoka Uingereza utepe mwembamba uliofumwa jina la ukoo kwa uzi mwekundu, na kila shati la shule la mtoto wao lilishonewa kipande kwenye kola, lisije likapotea. Mashati yakimbana mtoto, mama mkwe alipewa, naye akampelekea mwanawe.

"Sikufumua. Nani angekagua kola ya mtoto wa Alex?" Akaketi. "Alipotoroka nchi alikuwa amevaa mojawapo. Walipomwambia achague jina, alivua shati akasoma. Namjua mwanangu, mvivu wa kufikiri." Akacheka hadi akakohoa. "Ametembea mpaka kwenu na kola ya watu!"

Sikuweza kucheka.

Jumamosi tulikwenda sote wawili. Ukuta mrefu, waya wa umeme juu yake, mbwa, na kisanduku cha sauti getini. Mama mkwe alisema ndani ya kisanduku jina la Kiingereza walilokuwa wakimwitia kwenye nyumba ile, ambalo sikuwahi kulisikia. Geti likafunguka polepole, mbwa akafungiwa, na mzee wa Kizungu mwembamba akasimama mlangoni nyuma ya mnyororo.

"Kazi hakuna," akasema.

"Na mimi mikono ya kazi sina tena, baas. Tumekuja kwa habari ya jina lako. Mwanangu alikuwa analitumia."

Uso wake ulibadilika. Shingoni alivaa kamba yenye kitufe cha kuita walinzi, na nikaona kidole gumba chake kimekaa juu yake. "Mnataka nini? Nyumba?"

Nilitazama kile kidole. Nilihesabu hatua za kurudi getini: kumi na tisa, na geti lilikuwa limeshajifunga.

"Ondoa kidole hapo," mama mkwe akamwambia. "Nimewaogesha wanao."

Nikasema haraka, kwa Kiingereza changu cha ofisini, kwamba hatutaki nyumba wala urithi. Tunataka kiapo kwamba mume wangu hakuwa wa ukoo wake, kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa Morogoro.

"Wapi?"

"Morogoro. Tanzania."

Akafungua mnyororo.

Alitupeleka kwenye chumba cha kulia. Ukuta mzima ulikuwa ramani ya dunia iliyochomwa pini. Mkewe alikuwa amekufa, wanawe wako Australia, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa moja: kutafuta kila mtu duniani mwenye jina lake. Alitueleza akiwa amesimama, kama mwalimu, na woga wake ukawa unamtoka kadiri alivyosema. Jina lilianzia kwenye bonde moja kaskazini mwa Uingereza, shamba la kondoo kando ya kijito, na waliokaa shamba lile wakaitwa kwa jina la shamba. Vizazi na vizazi hawakuhama. Walioana na kuzikwa ndani ya mwendo wa nusu siku. Ndiyo maana pini za bonde lile zilikuwa zimesongamana kama punje za mchele. Baadaye wachache wakashuka kwenye viwanda vya pamba, wengine kwenye makaa ya mawe. Ndugu wawili wakavuka bahari kufuata dhahabu ya Johannesburg. Mmoja alikufa chini ya mgodi akiwa hana mtoto. Huyu mzee alikuwa mjukuu wa wa pili.

"Na hii," akasema, akiweka kidole kwenye pini iliyokaa peke yake Afrika Mashariki, "nimeihangaikia kuliko zote."

Akatoa faili. Aliandika, akasema, kwa ofisi za usajili za kila nchi iliyowahi kutawaliwa na Waingereza. Kwa kuwa barua za Afrika Kusini wakati ule hazikupokelewa kwetu, alizipitishia kwa dada yake aliyekuwa Uingereza. Majibu mengi yalikuwa hapana. Morogoro walijibu ndiyo. Akasoma: mtoto mmoja wa kike, baba na mama wote wa jina hilo, familia ya wakulima, wenyeji wa wilaya tangu zamani.

Nilijua maneno yanayofuata kabla hajayasoma. Ilikuwa barua yangu. Karatasi ya ofisi, mhuri, sahihi yangu kwa jina la kabla ya kuolewa, nililoendelea kulitumia kazini.

Siku ile ilipofika ile barua ya Uingereza, mimi na mume wangu tuliiweka mezani tukaitazama bila kuigusa. Wakati ule barua za watu tusiowajua zilikuwa zinalipuka. Mtu wa mbali anauliza jina la uongo la mume wako, na wewe una mtoto wa miezi mitatu. Tuliamini ni wapelelezi. Mume wangu akasema nisipojibu watajua pana kitu. Nikajibu kwa utulivu wote niliokuwa nao, nikaligeuza jina lake kuwa la watu wa pale, wakulima wa siku nyingi, ili anayetafuta mkimbizi akose.

Sasa serikali yangu, kwa mkono wangu, ilikuwa imethibitisha kwamba mume wangu alikuwa Mtanzania. Barua ile ikifika dirisha la tatu, binti yangu amekwisha.

"Karani huyu unamfahamu?" mzee akauliza.

Ningeweza kusema hapana. Mama mkwe alikuwa ananitazama.

"Ni mimi," nikasema. Nikamweleza yote.

Alikaa. Akaigeukia ramani. "Nilikuwa nimeshawapangia historia," akasema. "Mmisionari. Mtoto wa tatu, aliyepotea. Kwa hiyo hakuna tawi la Morogoro?"

"Hakuna, mzee. Ni shati."

Nilidhani atatufukuza. Akasema Jumatatu tukutane kituo cha polisi cha karibu, ataapa. "Lakini nitasema yote, na barua hii naiambatisha. Siapi nusu."

Nilimsihi. Akaifunga faili.

Jumamosi ile na Jumapili sikula. Nilifikiria kutokwenda, kumchukua mtoto na kupanda basi la kurudi kaskazini, lakini mtoto hakuwa na karatasi ya kumvusha mpaka wowote. Jumatatu niliingia kituo cha polisi kwa miguu yangu mwenyewe, mahali nilipokuwa nakwepa hata kupita mbele yake.

Mama mkwe aliapa kwanza: aliyezaa ni yeye, jina lililotoka kwenye kola ni hili. Akaweka dole gumba. Kisha mzee akaanza kuanzia kwenye bonde.

"Mzee, hiyo ni karne ya ngapi?" askari akauliza, kalamu ikiwa juu.

"Ya kumi na nne."

"Eish. Njoo karibu kidogo. Foleni inafika barabarani."

Wakashuka hadi kwenye shati. Mzee akaapa kwamba mume wangu hakuwa wa ukoo wake, kisha akaitoa barua yangu. Askari akaisoma, akairudia, akainua macho.

"Hapa serikali ya kule inasema ni mtu wa kule. Bibi anasema ni wa hapa. Muongo ni nani?"

"Mimi," nikasema.

"Pasi yako ya kusafiria."

Nikampa. Akafungua ukurasa wa kibali, akausoma. Nyuma yake palikuwa na mlango wa chuma, na mtu upande wa pili alikuwa anaimba taratibu. Nilitafuta neno la kiwiko, na kweli lilikuwa limenipotea.

"Mwanangu," mama mkwe akamwambia kwa Kizulu, "huyo ni makoti wangu. Ukimfungia, nifungie na mimi chumba hicho hicho, na uwaulize watu wa Alex nakoromaje."

Askari wa meza ya pili alicheka. Huyu wetu hakucheka, lakini aliifunga pasi na kunisukumia karatasi tupu.

"Andika mwenyewe. Ulidanganya nini, na kwa nini."

Niliandika kwa mwandiko ule ule wa daftari la Morogoro. Akazibana karatasi zote nne kwa pini ya chuma, akagonga mhuri kwenye pembe, nusu karatasi hii, nusu ile. Hakuna ambayo ingeweza kuondolewa bila kuonekana.

Siku ya ishirini na saba nilimchukua binti yangu, tukapanga foleni dirisha la tatu. Karani alisoma cha mama mkwe, akasoma cha mzee, akasoma barua. Changu alikisoma mara mbili.

"Ulikuwa unakaa upande huu wa kioo," akasema.

"Ndiyo."

"Na uliandika unachojua si kweli."

"Ndiyo."

Akachukua karatasi zote akaingia nazo mlango wa ndani. Hakusema tusubiri wala tuondoke. Tulikaa kwenye benchi. Dirisha la pembeni lilitazama uani, na uani palikuwa na karandinga, mlango wa nyuma wazi, dereva anakula chungwa. Saa moja ikapita, na nyingine. Binti yangu aliniuliza kwa Kiingereza kwa nini kiganja changu kimelowa. Nikamwambia ni joto.

Ndipo mwanamke wa dirisha la tano akaita jina. Lilikuwa jina la kwanza la binti yangu, likifuatiwa na jina la ukoo wa baba yake, lile la Alexandra. Hakuna aliyesimama. Akaita tena, kwa sauti zaidi. Binti yangu aligeuka pamoja na watu wengine kuangalia huyo anayeitwa ni nani.

"Ni wewe," nikamwambia.

"Si mimi huyo, mama."

"Ni wewe. Nenda haraka, kabla hawajamwita mwingine." Nikamsukuma mgongoni.