Baiskeli ya Mwalimu Agar na Njia ya Kurudi

Saa moja na nusu asubuhi, Mwalimu Agar Kalunga anaingia darasa la nane akisukuma baiskeli. Hakuna anayeshangaa. Wanafunzi wawili wanaipindua magurudumu juu, na wa tatu anazungusha kanyagio kwa mkono. Dinamo inasaga kwenye tairi na taa ya mbele inawaka.

"Umeme inatoka hapa," anasema, akigusa dinamo. "Inapita wapi? Na inarudia wapi?"

Mikono inapaa darasa zima, na darasa lenyewe lina wanafunzi hamsini na wanne.

Agar ana miaka arobaini na mmoja, na huu ni mwaka wake wa kumi na mmoja wa kufundisha sayansi katika shule moja ya sekondari mjini Kamina, Kongo, ambako sekondari huanzia darasa la saba. Usimwone ametulia hivi. Mwaka jana saa hii ya vitendo ilibaki kidogo tu ifutwe kwenye ratiba.

Shule haina maabara. Ina balbu tatu ndogo, alizonunua mwenyewe, na betri ambazo huisha kabla ya somo kuisha. Kwa miaka tisa alichora ubaoni: betri, waya wa kwenda, balbu, waya wa kurudi. Wanafunzi walinakili vizuri. Lakini wakipewa waya mkononi, wengi waliunga mmoja tu, wakakaa kusubiri mwanga. Agar akawaona wavivu wa kusikiliza.

Mpaka siku aliposimama mwanafunzi mmoja, Béthanie Monga. Baba yake ni mfanyabiashara wa samaki wakavu, anayekwenda Kinkondja kwa baiskeli na kuondoka kungali giza.

"Madame, kinga ya papa iko na waya moja tu, na taa inawaka," alisema, akiitaja baiskeli ya baba yake kwa jina la Kamina. "Sasa ile ya pili iko wapi?"

Leo Agar anakiri bila kuficha. "Nilisikia haya," anasema. "Kinga ninaipanda kila siku. Sikuiangalia hata siku moja."

Jioni hiyo alipiga magoti uani, mbele ya baiskeli yake. Akafuata waya kutoka kwenye dinamo hadi kwenye taa: kweli, mmoja tu. Kisha akaona skrubu yenye ncha kali, inayoshika dinamo, imezama mpaka kwenye chuma. Kumbe! Chuma cha baiskeli ndicho waya wa pili. Umeme unakwenda kwa waya na kurudi kwa chuma. Wale watoto hawakuwa wavivu hata kidogo. Walikuwa wanaunga kile walichokiona nyumbani kwao.

Tangu hapo baiskeli ikawa maabara. Mkuu wa shule hakupendezwa nayo: kelele za nini, na chaki ipo? Akapendekeza saa ile ipewe somo jingine. Ikakubaliwa kwamba Mkaguzi Nyembo aje Ijumaa, aone kwa macho yake, aamue.

Sasa sikia. Mathieu, mume wa Agar, karani wa kanisa la Kimetodisti, hakutaka mkewe aonekane ovyo mbele ya mgeni. Alhamisi, Agar akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, Mathieu alifungua dinamo na taa, akaipaka baiskeli nzima rangi ya buluu, mara mbili, kisha akafunga kila kitu mahali pake. Ikang'aa kama imetoka dukani. Agar alimshukuru kwa moyo wote.

Ijumaa mkaguzi alikaa nyuma, kalamu mkononi. Kanyagio zikazungushwa. Taa haikuwaka. Agar akabadilisha balbu, wapi! Mkuu wa shule akaanza kutazama saa yake.

Agar anakumbuka, kwa ile "njo" ya Kamina iliyo "ndio" kwetu: "Nilijua njo mwisho."

Béthanie hakuomba ruhusa. Aliinama, akafuata waya kwa kidole kama alivyofundishwa, akafika kwenye taa, akaendelea kwenye chuma. Kidole kikasimama kwenye rangi.

"Njia ya kwenda iko muzuri," alisema. "Ya kurudia njo bamefunga na rangi."

Akalegeza nati mbili, akakwangua rangi kwa ufunguo wa nyumba yao pale dinamo inaposhikwa na pale taa inaposhikwa, akazikaza tena. Kanyagio zikazungushwa tena. Taa ikawaka, na makofi yakapigwa darasa zima, mkuu wa shule naye akiwemo.

Mkaguzi aliuliza swali moja tu: nani amemfundisha binti huyu kutafuta kosa? Kisha akaandika kwamba saa ya vitendo ibaki.

Agar akisimulia hapo uso unamng'aa. "Yeye njo alinifundisha kwanza," anasema.

Sasa walimu wa Kabongo na Malemba-Nkulu wamemwomba awafundishe likizo ijayo. Amekusanya dinamo kuukuu sita kutoka kwa mafundi wa baiskeli. Anataka zifike ishirini, ili kila mwalimu arudi shuleni kwake na moja.

Na Mathieu? Kila Jumamosi huomba apake tena zile sehemu mbili zilizokwanguliwa, maana kutu inaanza kuingia. Agar huzipangusa mwenyewe kwa kitambaa chenye mafuta, na hamruhusu kusogea na brashi.

"Hapa asiguse," anasema. "Hapa njo batoto bangu balionyesha mukaguzi akili yabo."